Mkoba wa Hatari Ukae Karibu na Mlango

Ndugu mkulima, mvua ya masika huingia mwezi wa Machi, na kazi za wakati huo wazijua wewe mwenyewe: kulima, kutafuta mbegu na mbolea, kuzibua mitaro. Mwezi huu twataka uongeze kazi moja ndogo juu ya hizo. Yamalizika kwa siku moja, na yafaa ifanywe kabla ya tone la kwanza kuanguka. Kazi yenyewe ni kutayarisha mkoba wa hatari, yaani mzigo uliofungwa tayari, ambao watu wa nyumba yako wataweza kuuchukua na kutoka nao mafuriko au maporomoko ya ardhi yanapokuja, wakakaa nao siku 3 mpaka msaada uwafikie au maji yapungue.

Labda utasema, "Mimi nimekaa katika skimu hii miaka mingi, na mto haujapata kufika mlangoni kwangu." Huenda ni kweli. Lakini tazama mambo yaliyotokea katika nchi yetu kwa miaka michache tu. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, giza likiwa limekwisha kuingia, na watu wasiopungua 47 wakafa. Mwezi wa Novemba 2019, milima ya Pokot Magharibi iliporomoka usiku watu wamelala, na waliokufa walizidi 40. Tena tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli iliziba. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakapata nguvu, kisha kabla ya mapambazuko yakapasua na kuzishukia nyumba. Hapo pia waliokufa walizidi 40.

Sababu zilikuwa tatu mbali mbali: bwawa, mlima na tuta la reli. Lakini zote zilileta msiba wakati wa giza.

Hatusemi kwamba mkoba ungaliwaokoa watu hao. Maji yanayokuja kwa dakika chache hayangoji mtu achukue kitu, na aliye mbele ya maji kama hayo hana ila kumshika mtoto wake na kukimbilia juu. Walakini mafuriko mengi katika skimu zetu hayaji hivyo. Katika nchi tambarare ya Kano, na huko Budalang'i ambako mto Nzoia umebomoa kingo zake mara nyingi, mara nyingi maji hutoa dalili saa kadhaa kabla ya kufika nyumbani. Saa hizo ndizo hupotea. Baba anatafuta kitambulisho, mama anatafuta dawa ya mtoto, kijana anatafuta tochi, na tochi yenyewe haina betri. Maji yakifika magotini bado wanatafuta. Kazi kubwa ya mkoba ni kukuondolea sababu ya kukawia. Mtu ambaye hana cha kutafuta huondoka mapema, na akisha kuondoka hana cha kurudia.

Kwa sababu hiyo usiupime mkoba kwa wingi wa vitu vilivyomo. Upime kwa swali moja: je, waweza kuchukuliwa gizani na kubebwa mpaka mahali palipoinuka?

TUFANYE HESABU YA MAJI

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kitu cha kwanza kukosekana wakati wa mafuriko ni maji. Lakini maji ya mafuriko yamepita katika vyoo na mazizi, na visima huingiwa na uchafu huo huo.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Nyumba yako ina watu 6. Kila mmoja ahitaji kama lita 3 kwa siku, za kunywa na kupikia kidogo. Kwa siku 3, ni 6 mara 3 mara 3, yaani lita 54. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi hizo ni kilo 54, zaidi ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Ni nani atakayebeba mzigo huo usiku, katika matope, na mtoto mgongoni?

Ushauri wetu ni huu. Usitegemee mtungi wa lita 20, maana uzito wake ni wa mwanamume mwenye nguvu, na huenda siku hiyo hayuko. Chukua mitungi midogo ya lita 5, yenye vifuniko vinavyobana, mmoja kwa kila mtu awezaye kubeba. Mtoto wa miaka 10 aweza kwenda na kilo 5. Maji hayo ni ya siku ya kwanza. Ya siku zinazofuata utayatengeneza hukohuko uendako, na kwa hiyo mkobani tia sufuria moja, kitambaa safi cha kuchujia, na dawa ya kusafisha maji ya matone au ya vidonge inayouzwa madukani. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa au karatasi yake, nacho kifuatwe sawasawa. Kuongeza dawa hakuongezi usafi.

Maji yenye tope yaache kwanza yatulie, yachuje, ndipo uyatie dawa au uyachemshe. Kuchemsha ni njia nzuri sana kama kuni kavu zipo. Yakisha kutokota kwa nguvu, yaache yatokote dakika 1 nzima. Lakini ninyi wa Kinangop na Ol Kalou, na wote mkaao juu ya mita 2,000, fanyeni dakika 3. Huko juu maji hutokota upesi kabla ya kupata joto kamili, na mtu huona mapovu akadhani kazi imekwisha.

Mtoto akiharisha baada ya mafuriko, hatari kubwa ni kukaukiwa na maji mwilini. Mpeleke kwa mganga wa hospitali upesi, lakini usingoje ufike ndipo aanze kunywa. Kama huna pakiti za dawa ya kuharisha, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, koroga, kisha mpe kidogo kidogo. Chumvi isizidi. Kwa ajili hiyo sukari, chumvi na kijiko chenyewe viwemo mkobani.

Juu ya chakula sina maneno mengi. Kiwe kinacholika bila moto: njugu karanga zilizokaangwa, mahindi ya kukaanga, biskuti. Unga ni mzuri, lakini unga bila kuni kavu ni mzigo tu.

MAKARATASI YA SHAMBA

Mimi ni karani, na kazi ya karani ni makaratasi. Basi msomaji asishangae nikikaa hapa zaidi kuliko kwenye njugu.

Mkulima wa skimu si kama mtu wa mahali pengine ambaye shamba lake lajulikana na ukoo mzima tangu zamani. Wewe, au baba yako, au babu yako, mlipewa ardhi kwa karatasi. Katika zile skimu za Ekari Milioni zilizoanzishwa tangu mwaka 1962, mtu alifika na barua mkononi akaonyeshwa nambari yake. Katika skimu za mpunga, mtu hulima kwa karatasi ya skimu. Mahindi yakichukuliwa na maji utapanda tena. Nyumba ikianguka, majirani watakusaidia kusimamisha nyingine. Lakini karatasi ikiharibika, hakuna jirani awezaye kukuandikia nyingine.

Siku moja baada ya mvua, mama mmoja mjane alifika mezani pangu na mzigo uliofungwa kwa leso. Ndani mlikuwa na makaratasi ya mumewe yaliyoshikana kama chapati zilizolala. Barua ya kugawiwa shamba ilikuwa humo, yenye jina la baba mkwe wake aliyekwisha kufa, pamoja na stakabadhi za kulipia mkopo. Wino ulikuwa umetawanyika, na nambari ya shamba haikusomeka. Wakati huo shemeji zake walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza ni shamba la nani. Yeye maji hayakumfika hata kiunoni, na hakupoteza mbuzi hata mmoja. Lakini miezi iliyofuata aliimaliza njiani, kwa chifu, kwa polisi, kwa ofisi za ardhi, huku nauli ikitoka katika pesa za mayai.

Hata hati miliki yenyewe, ikipotea au ikiharibika, yaweza kutolewa nyingine, lakini kwa taratibu ndefu. Sharti uape mbele ya mwanasheria, upeleke ushahidi kwa Msajili wa Ardhi, tangazo lichapishwe katika Gazeti la Serikali, kisha ungoje siku 60 ili mwenye kupinga apinge. Kila hatua ina gharama yake.

Basi fanya hivi. Kusanya hati ya shamba au barua ya kugawiwa, stakabadhi za mkopo kama deni bado liko, karatasi za ushirika, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya shule, kadi za kliniki. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko kinachobana ni bora kuliko mfuko wo wote. Ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa, ikauke jua mbili. Halafu ijaribu. Tia ndani kipande cha gazeti, hata hili ukisha kulisoma, funga, weka jiwe juu yake na uizamishe katika pipa la maji usiku kucha. Asubuhi ukikuta gazeti ni kavu, ndoo hiyo yafaa kutunza hati ya shamba lako. Ukikuta limelowa, afadhali umejua leo.

Kisha piga picha ya kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, mahali penye mwanga, na umpelekee mwanao au ndugu yako unayemwamini aliye mbali. Picha haiwi hati, lakini nambari ya shamba na tarehe zitasomeka, na karani atajua mahali pa kuanzia kutafuta.

Na kama karatasi zimekwisha kulowa, usizibandue kwa nguvu, wala usizianike kwenye moto au jua kali. Zitandaze kivulini penye upepo, juu ya kitambaa kikavu, uzitenganishe pole pole kadiri zinavyokauka.

Kuna jambo jingine ambalo wababa hawapendi kuambiwa. Makaratasi mengi hukaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo uko katika mfuko wa suruali ya baba. Baba akiwa sokoni au kazini mjini, na maji yakaja, mama atafanya nini na sanduku hilo? Kama hutaki kila mtu ayashike makaratasi, hiyo ni haki yako. Lakini mke wako ajue yaliko, na aweze kuyachukua bila kukutafuta wewe kwanza.

VITU VINGINE MKOBANI

Mkoba wenyewe uwe wa mgongoni, kama wa mtoto wa shule, au gunia lililotiwa kamba mbili za kubebea, ili mikono ibaki huru. Tia tochi na betri zake, kiberiti ndani ya chupa kavu, sabuni, kisu, filimbi ya kuitia msaada, blanketi moja jepesi, nguo kavu za watoto, na turubai dogo na kamba. Tia vitambaa safi vya kufungia vidonda. Mama wa nyumba anajua vitu ambavyo yeye na mabinti watahitaji kila mwezi, naye asione haya kuvitia. Ikiwa nyumbani kuna mtu anayekunywa dawa kila siku, za presha, za sukari, za kifua kikuu au nyingine yo yote, dawa za siku kadhaa zikae mkobani pamoja na karatasi yenye majina yake, maana daktari wa kambini hatajua ulikuwa ukinywa nini. Weka pesa kidogo za noti ndogo ndogo. Mwisho, andika kwa kalamu nambari za simu za ndugu, za chifu, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ambayo hupigwa bila malipo. Watu wa siku hizi hawajui nambari kwa kichwa, na simu ikizimika hawana hata moja.

MBEGU NA MIFUGO

Mkoba ni wa siku 3, lakini mkulima ana siku ya 4 na baada yake. Maji yakiondoka, ardhi bado ina unyevu, na aliye na mbegu atapanda. Tenga maharagwe, mtama au wimbi wa kupandia, uutie katika mkebe mkavu unaofungika, na uuweke juu darini, si sakafuni. Kwanza hakikisha zimekauka. Tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu pamoja na mbegu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mbegu bado ni mbichi, zirudishe juani. Mahindi ya mbegu ya haibridi ni jambo jingine. Usitunze punje za shambani ukadhani zitazaa kama za mwanzo. Kwa hayo tunza pesa ya kununulia mbegu mpya, karibu kilo 10 kwa kila ekari.

Ng'ombe hawaingii mkobani, lakini kamba zao zaweza kutundikwa pamoja nao. Dalili zikionekana, wahamishe mapema, mchana. Kama saa zimepita na huwezi kuwatoa, wafungulie na uache mlango wa zizi wazi. Ng'ombe aliyefunguliwa aweza kuogelea au kujitafutia mahali pa juu. Aliyefungwa kwenye nguzo hana la kufanya. Tena kumbuka kwamba mvua nyingi huleta mbu, na mbu huleta homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyotokea nchini mwetu mwaka 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007. Chanjo yake yafaa ifanywe kabla ya mvua. Muulize afisa wa mifugo sasa. Mnyama aliyekufa baada ya mafuriko asichinjwe wala asiliwe, na maziwa yachemshwe.

WAKATI WA KUONDOKA

Usilitazame wingu la juu ya nyumba yako peke yake. Maji ya mto Nyando yanayofurika Kano hutoka katika milima ya Nandi na Londiani. Yale ya Nzoia hutoka Cherangani na Mlima Elgon. Kano yaweza kufurika siku ambayo haikupata hata manyunyu. Basi usikilize redio na matangazo ya Idara ya Hali ya Hewa, na ukiwa na jamaa aliye juu mtoni, apatane nawe akupigie simu. Mto ukibadilika rangi ghafula, ukaanza kuleta magogo na kuvuma, hiyo ndiyo simu ya mto wenyewe. Mkaao penye miteremko tazameni nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa matope, na milango isiyofungika sawasawa kama jana.

Ukiziona dalili hizo, ondoka. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya sentimita 15 tu, ambayo hayafiki katikati ya muundi. Hayo yatosha kumwangusha mtu mzima.

Kabla ya hapo, jaribuni usiku mmoja mkavu. Zima taa, kisha sema, "Twendeni." Tazama kama kila mtu anajua mzigo wake: nani anashika mkono wa bibi, nani ana mtoto mchanga, nani ana ndoo ya makaratasi, nani anafungua zizi. Watoto watacheka, na waache wacheke. Hesabu dakika mpaka mfike mahali pa juu mlipopatana, na kama bibi hawezi kufika kwa miguu, hilo litazameni sasa pamoja na jirani mwenye mkokoteni.

Mkoba utundike kwenye msumari mnene karibu na mlango, juu kidogo, mahali ambapo mkono waupata bila taa. Ndoo ya makaratasi ikae chini yake juu ya kibao. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba kabla ya mvua ya vuli, ufungue wote. Njugu za zamani zikaguliwe. Zilizo nzuri wapewe watoto, na zilizoota ukungu zitupwe kabisa, wasipewe hata kuku. Tia mpya. Badili maji ya mitungi, jaribu betri, soma tarehe za dawa, na upime nguo za watoto, maana shati la Machi iliyopita huenda halimwingii tena.